Acha Makaa Yamalizie

Wifi yangu alikuwa haulizi. Hilo ndilo ungeambiwa kwanza kumhusu, kabla hata ya kuambiwa kwamba ni mpishi. Akipotea njia alizunguka mpaka njia yenyewe ichoke imrudishe. Akiumwa alimweleza daktari ugonjwa pamoja na dawa yake. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, mama alimuuliza kama anajua kupika, naye akajibu, "Kwani hapa mnakula saa ngapi?" Mama alimpenda papo hapo. Mimi nilichukua muda, na hata leo kuna siku huwa naanza upya.

Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mimi nilifanya kazi chini yake. Nilipoachika nikarudi nyumbani na begi langu, yeye ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule kuniombea nafasi jikoni. Hakunipa pole. Aliniletea aproni, akaitupa juu ya kitanda na kusema, "Kesho alfajiri, na usije na hizo kucha." Wema wake ulikuwa wa namna hiyo, ulikuja umenuna.

Jiko letu lilikuwa banda refu nyuma ya bwalo, kuta nyeusi tii, ukiegemea unaondoka na alama mgongoni. Majiko ya matofali yalipangana upande mmoja, na juu yake sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Wanafunzi walimwita wifi yangu Mama Moshi, naye hakulichukia jina hilo. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na yeye, na mimi, na Mama Pacha, mwanamke mpole aliyezaa pacha mara mbili akaona imetosha, na Kimya, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hakupata kunyamaza tangu aajiriwe.

Sheria ya banda lile ilikuwa moja: moto hauguswi na mtu ila yeye. Kiberiti kilikaa mfukoni mwa aproni yake, na nadhani alilala nacho. Sisi tulimenya, tulikata, tulisugua, tulibeba maji. Kuni akipanga yeye, akichochea yeye, akipunguza yeye. Ukisogea karibu na mdomo wa jiko, hata kama ni kuokota kijiko kilichoanguka, alikutazama mpaka mkono ukarudi wenyewe. "Moto hautaki mabwana wawili," alisema. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchambua maharage. Kila siku ya Mungu nilikaa na ungo mapajani nikitoa mawe, na kama kuna mtu duniani anayejua sura za mawe madogo, basi ni mimi.

Lakini haki yake apewe, mwanamke yule aliujua moto. Aliusikiliza. Angekuwa amekupa mgongo, anagombana na mtunza stoo kuhusu vitunguu, kisha ghafla akasema, "Jiko la pili lina njaa," akaenda akaongeza kuni, na kweli sufuria ilikuwa imeanza kupoa. Kuni mbichi alizijua kwa mlio wake. Wali aliupalia kwa makaa juu ya mfuniko, ukatoka punje moja moja, hakuna ukoko wala ubichi. Na maharage ndiyo yalikuwa heshima yake. Yakishaanza kulainika alizivuta kuni zote nje, akatandaza makaa chini ya sufuria, akafunika, akaweka gunia juu ya mfuniko. Kisha akavuta kigoda chake, akakaa, akanyoosha miguu na kusema, "Sasa acha makaa yamalizie." Ndiyo nafasi pekee aliyokaa kutwa nzima. Akiinuka hapo, maharage yamefunguka, mchuzi mzito, na watoto wa watu wanagombania sahani.

Basi siku moja mkuu wa shule akatuita ofisini. Alikuwa mwanamama mrefu, mpole wa maneno, ambaye hata akikufukuza kazi ungeondoka ukimshukuru. Alituketisha, jambo ambalo lilitutia hofu zaidi kuliko kama angetuacha tumesimama. Akasema kuni zimekuwa adimu, lori linachelewa, watoto wanakula jioni kilichokuwa cha mchana. Akamtaja Kimya, ambaye kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa kuliko anavyoongea. Kamati ya shule imeamua jiko liwe la gesi.

"Na kuna jingine," akasema, sasa anaitazama kalamu yake. "Kuna kampuni ya chakula inataka kazi hii. Inakuja na wapishi wake. Wajumbe wengi wameikubali. Mimi nimewaombea muhula huu mmoja. Chakula kiive na kitoke kwa wakati. Mwisho wa muhula kamati itakuja na wazazi, wale chakula hapa hapa, ndipo iamue kama mnabaki."

Hapo tukaelewa kwamba unga wetu uko ukingoni mwa meza. Kaka yangu alikuwa fundi viatu, na viatu vya siku hizi vikikatika watu hununua vingine, kwa hiyo nyumba yao ilisimama juu ya mwiko wa wifi. Mimi bila jiko lile nilikuwa narudi kulala sebuleni kwa mama. Mama Pacha alianza kulia kimya kimya. Kimya, kwa mara ya kwanza, alinyamaza kabisa.

Wifi yangu alicheka. "Mwalimu," akasema, "moto ni moto. Uwe wa kuni, uwe wa gesi, uwe wa jehanamu, sufuria haijui."

Fundi wa gesi alikuja na majiko mapya ya chuma, akayafunga, akatuita tumzunguke. Akaeleza namna ya kufungua mtungi, namna ya kuwasha, namna ya kupunguza, nini ufanye ukisikia harufu. Sisi watatu tulisogea kama watoto kwenye sinema. Wifi alisimama nyuma, mikono kifuani, anatazama paa. Fundi akauliza, "Mama, umeelewa?" Akajibu, "Kijana, nilikuwa napika kabla mama yako hajajua kama ana mimba yako." Fundi akakusanya spana zake na kuondoka.

Mkuu wa shule alitaka majiko ya matofali yabomolewe siku hiyo hiyo. Wifi akaomba aachiwe lile moja la uani, nyuma ya stoo, liwe la dharura. Akakubaliwa.

Kesho yake akapika maharage kwa gesi. Nilimwona anavyowasha, mkono umenyooka mpaka mwisho, uso umegeuzwa kando, mfano wa mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Gesi ikashika, akaruka, kisha akatutazama kuona nani ameona. Hatukuona kitu. Maharage yakachemka vizuri. Yalipoanza kulainika, akafanya alichofanya maisha yake yote. Akazungusha kitufe, akazima moto, akafunika, akaweka gunia juu, akavuta kigoda na kukaa.

"Sasa acha makaa yamalizie," akasema.

Makaa gani? Chini ya sufuria ile hapakuwa na kitu ila chuma kinachopoa. Na nasema kweli, hakuna hata mmoja kati yetu aliyeliona hilo. Tulikuwa tumeisikia sentensi ile siku nyingi mno, ikawa kwetu mithili ya amina. Yeye alikaa, sisi tukapumua, kengele ya chakula ikalia.

Kilichofuata bwaloni kilisikika kwanza kabla ya kuonekana. Maharage yaligonga sahani za bati kokoto kokoto. Bwalo zima lilikuwa linatafuna bila kumeza. Kisha kijana mmoja wa kidato cha mwisho, mrefu, mwenye mdomo wake, akainua kijiko juu na kuuliza kwa heshima kubwa, "Mama Moshi, samahani, haya ni ya kula au ya kupanda?"

Bwalo likapasuka kwa kicheko. Wifi alisimama dirishani pa kugawia na upawa mkononi, na rangi ikamtoka usoni. Mkuu wa shule akaja, akachukua sahani, akaonja, akakiweka kijiko chini taratibu. "Mama," akasema, "mimi sitaki kuwaondoa. Msinilazimishe."

Mtu mwingine hapo angejifunza. Wifi yangu alitafuta mwenye kosa. Kwanza maharage yalikuwa ya zamani, na mtunza stoo akaambiwa maneno ambayo hayakumhusu. Kisha gesi yenyewe ilikuwa imechanganywa na kitu. Kisha fundi. Wali wa Jumatano ukatoka mbichi juu na umeungua chini, kwa kuwa hapakuwa na makaa ya kuupalia, na hilo nalo likawa kosa la mchele. Tulimenya viazi bila kuinua vichwa. Usiku nilikumbuka godoro la sebuleni kwa mama lina uvimbe upande gani.

Kisha, wiki iliyofuata, maharage yakaiva. Yakaiva vile vile kama siku za kuni, mchuzi mzito, na wanafunzi wakagonga meza kumshangilia. Mkuu wa shule akapita jikoni, akamshika bega. Wifi akatabasamu kidogo, nami nikaona kitu kwenye tabasamu lile ambacho sikukipenda. Nilikuwa nimemjua miaka mingi. Wifi yangu hakuwa na tabia ya kutazama chini akisifiwa.

Siku iliyofuata niliwahi kuja kuliko kawaida. Uani nyuma ya stoo moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, mapambazuko ndiyo yanaanza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya lile jiko la dharura, sufuria kubwa iko juu, anachochea. Kuni alizificha nyuma ya pipa la maji. Alikuwa anapika maharage huko, kisha anayahamishia kwenye jiko la gesi kabla hatujafika, anayawashia moto wa kuonyesha watu.

"Wifi," nikamwambia, "unamdanganya nani?"

Hakushtuka. "Watoto wanakula au hawali?"

"Wanakula. Na siku ya kamati utafanyaje? Utawaambia wajumbe wakae upande ule, wasitazame uani? Kazi hii ni ya watu wanne, wifi. Si ya kiburi chako."

Akainuka polepole akashika kiuno. "Rudi kwenye mawe yako," akasema.

Iliniuma, sitaficha. Mimi mtu mwenye hasira za karibu, lakini siku hiyo nilizimeza. Nilirudi kwenye ungo wangu nikachambua maharage ya watoto mia kadhaa, na sikumsemesha mpaka Ijumaa. Kimya aliongea kwa niaba yetu wote.

Jumapili alasiri nilikuwa chumbani kwangu, nimeweka sufuria ndogo kwenye jiko langu la gesi la mtungi mdogo, napika maharage ya kula mwenyewe. Hodi ikapigwa. Alikuwa wifi, kajifunga vizuri, kashika mfuko wa machungwa.

"Nilikuwa napita," akasema. Chumba changu kiko mwisho wa njia, baada yake ni ukuta. Hapapitwi.

Nikamkaribisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Tukaulizana habari za nyumbani, za kaka, za mguu wa mama, mpaka habari zikaisha. Akawa anaitazama sufuria yangu. Nilipunguza moto ukawa mdogo kabisa, wa buluu, nikaendelea kukunja nguo. Alitazama ule moto muda mrefu, shingo mbele, anatega sikio, nami nikajua anatafuta mlio na haupati. Gesi hailii njaa. Ikiwa kubwa inavuma, ikiwa ndogo inavuma kidogo, basi.

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata nikadhani ni ya mtu mwingine, "Wifi, wewe unajuaje kama yameiva, na husikii chochote?"

Miaka yote niliyomfahamu, hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kutaka kujua. Nilisimama na shati mkononi. Kuna sehemu yangu ilitaka kumrudishia mawe yake yote, moja moja, kuanzia la siku ya kucha ndefu. Lakini nilimtazama usoni nikaona limemgharimu. Mwanamke yule alikuwa ametembea mji mzima na machungwa yake, akapita mlango wa Mama Pacha, akapita wa Kimya, akaja kuuliza kwa yule yule aliyemrudisha kwenye mawe. Nilimheshimu pale kuliko siku zote alizopika vizuri.

Lakini mimi ni wifi, na wifi ni wifi. Nilichukua ungo, nikamwaga humo maharage ya kesho, nikamwekea mapajani. "Anza na haya," nikamwambia. "Mwanafunzi mpya huchambua."

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho, akainamisha kichwa na kuanza kutoa mawe. Tulikaa hivyo mpaka jioni. Nilimwonyesha kwamba moto huu ukizimwa umezimwa, hauachi kitu nyuma, kwa hiyo usiuzime, uupunguze tu uwe mdogo wa mwisho, huo ndio makaa yako sasa. Nilimwambia asisikilize, aonje. Atoe punje moja, aibonyeze kwa kidole na ulimi. "Yaani nisimame nilambe lambe kama mtoto," akasema. "Simama ulambe," nikajibu. Alifanya. Aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, mpaka uso wake ukaacha kugeuka kando. Alinimalizia gesi ya wiki nzima, na machungwa akala mwenyewe.

Jumatatu alimtuma mtu akamwite fundi wa gesi. Fundi alikuja kwa wasiwasi, nadhani alidhani anaitwa kutukanwa. Wifi akamwekea kigoda chake, kile cha kukalia makaa yakimalizia, kile ambacho hata mkuu wa shule hakuwahi kukikalia. Akasema mbele yetu sote, "Mwanangu, siku ile ulipofundisha nilikuwa natazama paa. Naomba unianzishie upya." Na hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Aliuliza mtungi unajulikanaje unakaribia kwisha. Aliuliza mpira wa gesi unakaguliwa vipi usivuje, povu la sabuni linapakwa wapi, kwa nini moto ukiwa wa manjano ni ubaya. Akauliza gesi hii inatoka wapi hasa, na nani aliyegundua inaungua, na je, aliungua yeye mwenyewe? Mpaka jua linazama fundi alikuwa bado anajibu, usafiri wake umeondoka zamani. Maswali ya umri mzima yalikuwa yamekaa ndani, yanatafuta mlango.

Kesho yake tulisikia kishindo uani. Tulikimbia tukamkuta na nyundo kubwa aliyoazima kwa mwashi, anabomoa lile jiko la dharura. Wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani. Mama Pacha akamsihi aache, akasema, "Mama, je gesi ikigoma?"

Wifi akasimama, vumbi la matofali nywele nzima. "Nikiwa nalo hapa," akasema, "kila sufuria ikinisumbua macho yangu yatakuja huku. Najijua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Akainua nyundo tena. Alipomaliza alikaa juu ya matofali, na nilimwona akipapasa moja kwa kiganja, lile la mdomoni lililolainika kwa miaka ya kuni. Alilia kidogo. Sikumsogelea, kwa sababu nisingependa mtu anisogelee mimi. Kisha akatuagiza tuyabebe matofali tukajengee kingo za bustani.

Jikoni nako mambo yakageuka, si kwa hotuba bali kwa ulazima. Majiko ya gesi yalikuwa manne, na mtu wa kuonja hawezi kuwa kwenye sufuria nne kwa wakati mmoja kama anavyoweza mtu wa kusikiliza. Asubuhi moja akasimama katikati ya banda akasema, "Kila mtu na sufuria yake. Mama Pacha, mboga. Kimya, wali, na ukiongea humo mate yasiingie. Mimi chai na viazi." Akanigeukia. "Wifi, maharage."

Maharage! Heshima yake mwenyewe! Ungo wa kuchambua tuliufanya wa zamu, na zamu yake aliifanya bila kunung'unika, ingawa mawe yalimpita mengi. Jicho la mawe halipatikani kwa muhula mmoja.

Siku ya kamati ikafika. Bwalo lilifagiliwa mara mbili. Wajumbe walikuja na suti zao, wazazi wakajaa, na wawili watatu wa kamati wakataka kuingia jikoni kutazama, wakasimama mlangoni na mikono nyuma. Tulijua mmoja wao ndiye aliyeleta habari ya kampuni. Nilikuwa na maharage yangu, yanachemka vizuri, yamefika pale pa kupunguza moto. Nikapunguza. Nikamwita wifi, "Njoo uonje, yamefika?" Akaja mpaka karibu, akaitazama sufuria, nikaona mkono wake unaanza kunyooka. Akaukamata kwa mkono mwingine nyuma ya mgongo.

"Mimi si mwenye sufuria," akasema. "Mwenyewe ni wewe. Onja."

Nilikuwa na kijiko mdomoni moto ulipokufa. Sufuria zote nne kwa pamoja, moto uliyumba, ukawa mdogo, ukapotea. Mtungi mkubwa ulikuwa umekwisha. Maharage yalikuwa bado yana kiini kigumu katikati. Wali wa Kimya ulikuwa na maji juu. Nyuma yetu yule mjumbe akasema, si kwa sauti ndogo, "Enhee." Na Mama Pacha, masikini, akapiga kelele, "Kuni! Washeni kuni uani!"

Tukageuka sote kutazama uani. Palikuwa na bustani. Nasema wazi, kama jiko lile lingekuwepo tungelikimbilia, na kamati ingetuona tunakimbia na vijinga vya moto katikati ya jiko jipya la gesi, na hadithi yetu ingeishia pale.

Wifi hakutazama uani. Alikuwa tayari amepiga magoti kwenye mitungi. Akafunga ule uliokwisha, akaufungua mpira kwa spana, akausukuma mtungi kando. Akavuta wa akiba, kwa kuwa alimuuliza fundi, na fundi alimwambia usikae bila wa akiba. Akaufunga mpira kwenye huo, akakaza. Kimya akanyoosha kiberiti. "Bado," akasema. "Leta sabuni." Nikamletea kikombe cha povu. Akalipaka kwenye maungio polepole, kidole kwa kidole, uso karibu kabisa, na wajumbe wote wanamtazama mama mtu mzima aliyepiga magoti anasubiri kuona kama povu litavimba kwa gesi inayovuja. Mjumbe yule hakuweza kuvumilia. "Mama, watu wana njaa."

"Baba," akasema bila kugeuka, "bora wawe na njaa na paa lipo."

Povu likatulia. Akainuka, akajipangusa magoti, akatuambia, "Washeni." Alisema washeni. Kila mtu akawasha jiko lake.

Chakula kilichelewa, sitasema hakikuchelewa. Lakini kilitoka kimeiva. Mkuu wa shule alikula maharage yangu, akakomba sahani kwa kipande cha mkate, mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Yule mjumbe aliongeza sahani ya pili. Jioni tuliambiwa tunabaki. Kimya alilia, Mama Pacha alicheka, na wifi akauliza nani ana zamu ya kuosha sufuria.

Shule nyingine za jirani zilipoanza kuhamia gesi, mkuu wetu aliombwa wapishi wao waje kwetu kujifunza. Asubuhi ya siku hiyo wifi aliniomba maharage bakuli moja moja ya kila mgeni. Akaniambia nizime moto mapema, yakianza tu kulainika, nifunike na gunia. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Wageni walikuja, wanawake watu wazima, wengine wakubwa kuliko yeye. Wawili walisimama nyuma, mikono kifuani, na mmoja wao alikuwa anatazama paa. Nilimwona wifi akimwona. Akawaketisha wote mezani, akawawekea mabakuli, akasema karibuni. Wakaanza kutafuna. Wakatafuna. Mmoja akatema kwa adabu kiganjani na kusema, "Dada, samahani, haya hayajaiva."

"Hayajaiva," akasema wifi yangu. "Haya ndiyo niliyowalisha watoto wa watu siku ya kwanza, halafu nikalaumu maharage, nikalaumu mchele, nikamlaumu na fundi. Kisa, nilikuwa najua kila kitu." Akachota kijiko kwenye bakuli la mgeni aliye karibu, akatia mdomoni, akatafuna nao mbele yao, kokoto kokoto, mpaka akameza. Kisha akauliza, "Haya, nani ana swali?"

Akavuta kile kigoda, akakaa, akanyoosha miguu, akawasubiri.